Namba mbili haitaki kuingia

Najua niliahidi kumalizia ile habari ya hifadhidata, lakini mwezi mzima sasa kichwa changu kimekuwa ndani ya giaboksi. Mniwie radhi. Kompyuta zitaingia katikati ya hadithi, kwa hivyo msikimbie.

Gari lenyewe ni Subaru Impreza WRX ya 1997. Watu wa rika langu hawahitaji maelezo. Mwaka huo nilikuwa darasa la tano, na Colin McRae alishinda Safari Rally kwa Impreza ya buluu, mwaka mmoja tu baada ya Kenneth Eriksson kumaliza wa pili kwa Impreza pia. Lakini shujaa wetu sisi hakuwa McRae. Alikuwa Patrick Njiru, aliyekifikisha mwisho kile kigari cha Subaru Vivio mwaka 1993, injini yake haifiki hata cc 700, akawa wa 12. Mwaka uliofuata akamaliza wa nne kwa Impreza. Tulikata picha zake gazetini tukazibandika ukutani kwa uji wa ugali. Basi mtu akikua, akapata kazi ya kuandika programu na vijisenti kidogo, unadhani atanunua gari gani?

Nililinunua 2019 kwa mwalimu mmoja wa Nanyuki. Mimi ni mwenyewe wa nne, au wa tano, logibuku haisomeki vizuri. Magari ya aina hii hayaongezeki tena hapa kwetu, maana sheria hairuhusu kuingiza gari lililotumika ambalo limepita miaka minane. Yaliyopo ndiyo hayo, na kila moja linalogongwa linageuka spea za mengine.

Sasa tatizo. Asubuhi ya baridi ya Nyeri (mji uko juu, karibu mita 1,750, na mwezi wa saba usiseme) kutoka namba moja kwenda namba mbili kulikuwa na sauti ya kukwaruza, krrr, kama mtu anayesaga kokoto. Injini ikipata joto hilo lilipungua. Baya zaidi lilikuwa kurudi chini, kutoka tatu kwenda mbili, mlimani. Liva inafika mlangoni mwa namba mbili inagoma. Unasukuma, inakusukuma. Na ukitaka kurudi nyuma, rivasi nayo inalia.

Nilipeleka kwa fundi. Alizunguka nalo mara moja tu, akarudi akifuta mikono. "Bosi, hapo ni giaboksi. Sinkro zimekwisha. Tafuta ingine Nairobi, elfu themanini na tano hivi, mimi nikufungie." Elfu themanini na tano nilikuwa nazo. Zilikuwa za tangi la maji la Mama, lita elfu kumi, pamoja na mifereji ya paa. Mama hajawahi kuwa na maji ya kutosha mwezi wa pili tangu nimjue. Nikasema nifikirie kwanza.

Nikiwa bado nafikiria, tukaenda kliniki. Mama ana miadi mjini Nyeri kila mwezi, na Baba humsindikiza. Zamani Baba ndiye aliyekuwa dereva, lakini macho yamemwacha mkono na leseni ameiweka kwenye kabati pamoja na tai yake ya harusi. Wakati wa kurudi, barabara ya Othaya, wanaoijua wanaijua: unashuka bondeni, unavuka mto, unapanda. Mbele yetu lori la majani chai likipanda kwa mwendo wa konokono. Nikakanyaga klachi, nikavuta kutoka tatu niweke mbili. Ikakataa. Nikajaribu tena. Krrr. Gari likapoteza kasi yote, likasimama katikati ya mlima, na kabla sijavuta breki ya mkono likarudi nyuma kama mita moja. Nyuma yetu kulikuwa na matatu. Ile honi bado naisikia.

Hakuna aliyeumia. Dereva wa matatu alitupita akitutazama kwa namna ambayo sitaieleza hapa. Mama hakupiga kelele. Alingoja tulipofika nyumbani, akakusanya mfuko wake wa dawa, akasema, "Mwezi ujao nitapanda matatu." Basi. Na Mama akisema hivyo, amesema.

Nikaanza kusoma. Nilikuwa nimeendesha gari la gia miaka kumi na tano bila kujua kinachotokea chini ya mkono wangu, jambo ambalo kwa mtu wa kazi yangu ni aibu. Nitaeleza kwa ufupi kwa sababu bila hilo mengine hayataeleweka.

Ndani ya giaboksi magurudumu ya meno ya gia zote za mbele yameshikana saa zote. Hayaachani. Unapoweka namba mbili hubadilishi meno, unalifunga gurudumu moja kwenye shafti kwa kitu kama pete. Shida ni kwamba pete na gurudumu vinazunguka kwa kasi tofauti. Umewahi kumwona manamba akirukia matatu inayotembea? Harukii akiwa amesimama. Anakimbia sambamba nayo kwanza, kasi zikilingana ndipo anakamata mlango. Sinkro ndiyo hiyo mbio. Ni pete yenye umbo la koni, mara nyingi ya shaba nyeupe au nyekundu, inayosuguana na gurudumu mpaka kasi zilingane, na ina meno madogo yanayozuia liva isipite kabla ya hapo. Kwa hivyo ule ugumu mlangoni si ukaidi. Gia inakwambia bado. Na koni ikilika, haiwezi tena kukimbia vya kutosha, ndiyo unasikia manamba akiburutwa.

Sasa hesabu kidogo. Katika giaboksi ya aina yangu uwiano wa namba tatu ni karibu 1.37 na wa namba mbili karibu 1.95. Ukiwa namba tatu injini inazunguka mara 3,000 kwa dakika, kwa kasi ile ile namba mbili inataka karibu 4,300. Yaani upande wa shafti ya klachi unatakiwa kuongezewa mizunguko 1,300 ndani ya nukta moja, na anayefanya kazi hiyo ni kijipete cha shaba chenye umri wa miaka karibu thelathini. Kutoka mbili kwenda tatu ni kushuka tu, na vitu vinavyozunguka ndani ya oili hupenda kushuka vyenyewe. Ndiyo maana kupandisha gia kulinisumbua kidogo na kuteremsha kukaniaibisha mbele ya wazazi.

Hapo ndipo kompyuta zinapoingia. Nilitaka kuona kinachotokea. Gari la 1997 la soko la Japani halina ile soketi ya kawaida ya kusomea data ambayo magari ya siku hizi yanayo, lakini lina sauti, tena sauti kubwa. Injini ya silinda nne huwaka mara mbili kila mzunguko. Kwa hivyo mizunguko 3,000 kwa dakika ni milipuko 100 kwa sekunde, na ukijua marudio ya sauti unazidisha kwa 30 unapata mizunguko. Nikaweka simu kwenye kiti cha abiria ikirekodi, nikaja nyumbani nikaandika programu ya Python, mistari kama sitini, ikakata sauti vipande vidogo na kupima kila kipande kwa njia ya Fourier.

Ikanipa upuuzi. Sahani ikiwa 3,000, programu inasema 1,500. Siku mbili nilitafuta kosa kwenye hesabu zangu. Kosa halikuwepo. Mabomba ya ekzosi ya Subaru hizi za zamani hayalingani urefu, kwa hivyo milipuko haifiki nje kwa vipindi sawa, na sauti nzito inayotokea ina marudio ya chini yenye nguvu kuliko yale niliyoyatafuta. Ndiyo ile ngurumo tunayoipenda! Programu yangu ilikuwa inaisikiliza ngurumo badala ya injini. Nilipoielekeza ipuuze vilele vya chini, mchoro ukakaa sawa na sahani.

Na mchoro ukanisuta. Kila mara nilipoteremka kutoka tatu kwenda mbili, mizunguko ilishuka wakati ninapong'ang'ana. Klachi chini, mguu wa mafuta umeachwa, injini inaporomoka kutoka 3,000 hadi 1,400, mimi bado nasukuma liva. Karibu nukta mbili. Nilihitaji 4,300 na nilikuwa naelekea upande wa pili.

Lakini subiri. Klachi ikiwa chini, injini haipaswi kuwa na habari na giaboksi. Ishuke, ipande, pete isijue. Kama pete inajua, basi klachi haiachi kabisa. Kuna kipimo rahisi ambacho yeyote anaweza kufanya, na ningemlilia fundi akifanye kabla ya kutaja elfu themanini na tano. Simama mahali tambarare, injini ina joto na iko kwenye nyutro. Kanyaga klachi mpaka chini, hesabu polepole hadi tano, ndipo uweke rivasi. Rivasi ya giaboksi hizi haina sinkro. Ikiwa klachi inaachia vizuri, shafti itakuwa imesimama na gia itaingia kimya. Ikilia bado, kuna kitu kinaendelea kuizungusha shafti.

Yangu ililia. Nikahesabu hadi kumi, ikalia.

Klachi ya gari hili hutumia maji ya breki, si waya. Nilifungua kile kikopo kidogo chini ya boneti na maji yalikuwa meusi kama kahawa ya turungi. Maji ya breki hunyonya unyevu kutoka hewani mwaka baada ya mwaka. Na silinda ndogo ya klachi, ambayo wajapani waliificha juu ya giaboksi chini ya ile rejeta ya turbo, ilikuwa imelowa. Ilikuwa inavuja. Unakanyaga pedali yote, sehemu ya nguvu inapotelea pale. Mpira mpya, maji mapya, mtu mmoja wa kukanyaga (mpwa wangu, nilimlipa soda) na mimi chini nikitoa hewa. Nilitumia pungufu ya elfu nne. Rivasi ikanyamaza siku hiyo hiyo.

Kabla sijaendelea niseme neno kuhusu oili, kwa sababu rafiki zangu watatu tofauti walinipa ushauri ule ule: mwaga oili ya GL-5, weka GL-4, shaba za sinkro zitafurahi. Kwa magari mengi huo ni ushauri mzuri. GL-5 huwa na kemikali nyingi zaidi za kukinga meno yanayosuguana kwa nguvu, na nyingine kati ya hizo hazipatani na shaba. Lakini kwenye Subaru hizi difu ya mbele imo ndani ya sanduku moja na gia, inakunywa oili ile ile, na meno ya difu ya namna hiyo ndiyo GL-5 ilitengenezewa. Waandishi wa programu wataelewa haraka: ni maktaba moja inayotumiwa na programu mbili. Unaibadilisha kuifurahisha moja, nyingine inaanguka, na kwa bahati mbaya hii nyingine ndiyo inayozungusha magurudumu ya mbele ukiwa kwenye kona ya Karatina. Niliweka GL-5 mpya ya 75W-90, nikaacha maneno.

Rivasi ilipona, asubuhi ikapungua kelele, lakini kutoka tatu kwenda mbili bado. Si kila mara sasa, labda mara moja kati ya tatu. Fundi hakuwa amedanganya: sinkro ya namba mbili imelika kweli. Alichokosea ni kudhani ndiyo ugonjwa pekee.

Nilikuwa nimekaa mezani nikitazama mchoro kwenye skrini, Baba akapita na chai yake. Akauliza ni kitu gani hicho. Nikamwambia ni sauti ya gari. Akacheka. "Sasa sauti unaitazama?" Nikamchezea ile rekodi kupitia spika. Akasikiliza kichwa kimeinama, na pale pale kwenye krrr akasema, "Umeiacha injini ilale, halafu unataka gia iamke."

Mchoro wangu wote huo, mistari sitini na siku mbili za kutafuta kosa. Akausema kwa pumzi moja.

Baba aliendesha malori miaka ya sabini. La kwanza halikuwa na sinkro hata moja, na alikuwa anapandisha nalo kahawa ya ushirika milima hiyo hiyo. Kuhusu mashindano hana habari na Impreza. Ya kwake ni Datsun 240Z, iliyoshinda Safari mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann na tena 1973 na Shekhar Mehta, zamani hizo Safari ikifanywa Pasaka, mvua ikiwa imeanza. Anasema walikuwa wakisimama upande wa Nanyuki usiku kwenye matope, na gari ulilisikia kabla ya kuona taa zake. Wazee wa malori walijua kwa sikio nani anashuka gia vizuri na nani anaua gari lake.

Jumapili iliyofuata tukaenda barabara ya Mweiga, asubuhi mapema, kabla ya magari mengi. Akaniambia niweke namba tatu, nitulie. Halafu akafanya jambo ambalo sikulitarajia. Magari yetu usukani uko kulia, kwa hivyo liva iko kati yetu, upande wa mkono wake wa kulia. Akautoa mkono wangu. "Wewe miguu. Mimi mkono."

Utaratibu wenyewe ni huu. Klachi chini, liva inatoka tatu hadi nyutro. Klachi juu, ndiyo, unaiachia ukiwa kwenye nyutro. Hapo injini na shafti vimeshikana tena. Unakanyaga mafuta mara moja, kwa ufupi, mizunguko inapanda na shafti inapanda nayo. Klachi chini tena, liva inaingia mbili. Kazi ambayo pete ya shaba ingeifanya, umeifanya wewe kwa mguu. Ukiwa na klachi chini muda wote na ukanyage mafuta, unaipandisha injini peke yake, shafti inabaki nyuma. Hilo ndilo nilikuwa sijalielewa hata baada ya kulisoma mara tatu.

Mara ya kwanza nilichelewa. Krrr. Akavuta hewa kwa meno. Mara ya pili nilikanyaga kidogo mno. Ya tano au ya sita nikasikia sauti ya injini ikipanda, na mkono wake ukasogea polepole, vidole viwili tu vimeshika kile kitufe, na namba mbili ikaingia kama kisu kwenye parachichi. Hakutazama mbele. Macho yake hayamsaidii mbele. Alikuwa anangoja sauti fulani, na ilipofika akasogeza.

"Hapo," akasema.

Tulifanya hivyo mpaka karibu na Mweiga na kurudi. Mimi nilikuwa najasho. Yeye alikuwa amevaa ile tai.

Nilirekodi safari hiyo pia, sikuweza kujizuia. Kwenye mchoro, zile mara ambazo gia iliingia kimya, liva iliingia mizunguko ikiwa kati ya 4,000 na 4,400 tulipotoka kwenye 3,000. Hesabu ilisema 4,300. Hakuwa ameona sahani.

Peke yangu sikuweza kwa siku nyingi. Mkono wangu una haraka, unataka kumaliza. Ilinichukua wiki mbili za kwenda na kurudi Kiganjo jioni bila shughuli yoyote, na bado nikichoka au nikiwa nazungumza na mtu ninasahau ile klachi ya pili. Asubuhi ya baridi moja kwenda mbili bado inanung'unika kilomita ya kwanza, basi nangoja, nasukuma taratibu, wala sigombani nayo. Siku moja nitafungua giaboksi hiyo niweke pete mpya. Si mwaka huu.

Tangi lilifika Alhamisi. Kijani, lita elfu kumi, tumelikalisha kwenye msingi wa mawe nyuma ya jikoni, na mifereji ya paa imefungwa upande mmoja.

Siku ya kliniki nililiwasha gari mapema ili lipate joto, nikalisimamisha mlangoni bila kusema kitu. Mama alitoka na mfuko wake, akatazama barabarani kama anayengoja matatu, akatazama gari, akaingia. Kiti cha nyuma, si cha mbele. Bonde lile lile, na safari hii hapakuwa na lori, lakini punda na mkokoteni walitosha kunipunguza mwendo. Tatu, nyutro, klachi, mafuta kidogo, klachi, mbili. Ikaingia.

"Mbona unaivumisha hivyo?" Mama akauliza.

"Anaiamsha," Baba akajibu kwa niaba yangu.

Mama hakusema zaidi. Mkono wake haukutoka kwenye kile kishikio cha juu ya mlango mpaka tulipofika hospitali.